Ukikaa meza moja na wanajeshi wakaanza kubishana juu ya ndege, fanya hivi

Kama unaishi Nakuru pande za Lanet, Pipeline ama Free Area, ama uko na watu wako Eldoret karibu na Moi Barracks, hii kitu itakupata tu siku moja. Watu wamekuja livu, nyama iko kwa moto, mmoja ni wa nchi kavu, mwingine mwanahewa, wa tatu ni mzee alistaafu kitambo lakini bado anaongea kama yuko gwarideni, halafu helikopta inapita juu na wote wanainua kichwa wakati mmoja. Hapo raia umeisha. Mimi nimeoa kwa boma lenye gwanda ni nyingi kuliko suti kwa hivyo hizi vikao nimekaa, na nimeona vijana wakiaibishwa vibaya sana, na si ati hawajui ndege, wengine wanajua kuliko hao wanajeshi wenyewe, wamekesha YouTube, wanaweza kukutajia kila kombora la Urusi. Wanaaibika juu hawajashika ni nini haswa kinabishaniwa.

Sikiza. Hao watu hawabishani ndege gani ni bora. Kila mtu anatetea ndege iliyomlisha, ama anatukana ile iliyomwacha kwa jua. Ukishika hiyo, mengine yote ni rahisi.

Kwanza jua umekaa na nani

Usimuulize mtu "wewe kazi yako ni gani huko ndani". Mwanajeshi akisikia swali kama hilo kutoka kwa raia anakuwa baridi papo hapo, na ako sawa. Uliza mafunzo alifanyia wapi. Makurutu wa KDF, yaani jeshi la Kenya, awe wa nchi kavu, mwanahewa ama mwanamaji, wote wanapitia Eldoret pale Moi Barracks, kwa hivyo akisema Eldoret ataanza kukupa stori ya baridi ya saa kumi asubuhi na matope na hutakuwa umeuliza siri yoyote. Akisema Lanet kwa sauti ya kuvuta, huyo ni afisa, makadeti ndio wanasomea pale Kenya Military Academy, hapo anza kusema "afande" hata kama ni mtoto wa juzi na unamzidi miaka. Halafu ongeza tu "baadaye ukaenda upande gani". Upande unatosha. Ukijua upande umeshajua atatetea nini.

Wa nchi kavu ndio wepesi kuelewa. Kwao ndege ni za aina mbili tu duniani, ile imekuja na ile haijakuja. Hajali ina injini ngapi. Anakumbuka tu alikaa siku nzima mahali kwa vumbi akiambiwa iko njiani, kisha ikafika, rubani akashuka na miwani safi, ametoka kunywa chai. Huyo ukitaka akupende mwambie pole kwa kungoja.

Rubani hapatikani sana kwa hizi meza, na akiwepo huongea kidogo, anacheka akiangalia simu. Ukimpata usimuulize kama anaogopa, ameulizwa hiyo na kila shangazi kwao.

Sasa fundi. Huyu ndiye wa kukaa karibu naye, nakuambia ukweli, huyu ndiye mwenye stori zote. Utamjua kwa kusema "ndege yangu". Si ati anajisifu, anamaanisha. Kwa akili ya fundi yeyote wa ndege za jeshi, hapa kwetu na ng'ambo pia, ndege ni yake, rubani anaazima tu asubuhi na anairudisha ikiwa imeharibika. Na kuna kitabu. Kila ndege iko na kitabu chake, rubani akishuka anaandika kila kitu hajapenda, taa hii, kelele ile, inavuta kushoto, na hairuki tena mpaka fundi aandike amefanya nini na aweke sahihi yake. Hiyo sahihi ni maisha ya mtu, kwa hivyo ukisikia fundi na rubani wakitupiana maneno kuhusu "ulichoandika" jua hawaongei mambo ya karatasi. Shemeji yangu mmoja ni fundi, na hasira zake zote za kazi ziko kwa marubani wanaoandika neno moja "kelele" bila kusema kelele wapi, injini ikiwa mwendo gani, ukipanda ama ukishuka. Ati kelele. Ndege yote ni kelele.

Na wazee waliostaafu. Hao waachie wakati. Watakutajia Strikemaster, Hunter, Hawk, ndege ambazo vijana wa hapo hawajawahi kuziona zikiruka, na watasema za siku hizi ni za kuchezea. Usibishane. Muulize tu Hawk na Strikemaster gani ilikuwa ngumu kushughulikia, kisha endelea kula, una nusu saa.

Jifunze ndege chache, na ziwe za hapa

Kosa namba moja la raia ni kuja na F-22 na F-35, zile jeti za kivita za Marekani. Hakuna mtu pale meza ameshika F-35. Ukiitaja watakuangalia kwa heshima, wanyamaze kidogo, kisha warudi kwa Buffalo, ile ndege ya mizigo, ilikataa kuwaka, na wewe umeshatoka kwa maongezi. Jua hizi:

F-5. Hii ndio ndege ya kivita ya Kenya, imekuwa hapa tangu mwisho wa miaka ya 70, inakaa Laikipia Air Base kule Nanyuki. Imetengenezwa na Northrop ya Marekani, injini mbili ndogo, mwendo wa juu kama mara moja na nusu ya sauti na kitu kidogo. F-5E ni ya mtu mmoja, F-5F ya wawili. Mzaha wake ni umri na mafuta, watu wa nchi kavu watasema ni mzee wa kijiji, ikipanda tu inatafuta mahali pa kuongeza mafuta. Hapo kuna jibu moja linaloua hiyo stori kabisa, na ukilitoa wewe raia utaletewa kipande cha mbavu: jeshi la majini la Marekani lenyewe bado linarusha F-5 kufunzia marubani wao, wanaziweka ziigize adui, hata walienda kununua zingine kutoka Uswisi. Ndogo, ngumu kuiona kwa hewa, rahisi kutengeneza. Mwanahewa yeyote anajua hiyo lakini inanoga ikitoka kwa mtu wa nje.

Huey. Hii ni helikopta, utaijua kwa masikio kabla ya macho. Iko na panga mbili tu juu, ndefu na pana, ndio maana inapiga ule mlio wa tap-tap-tap mzito unaosikia kama uko kwa kifua. Ni Bell ya Marekani, ile ya Vietnam, Kenya ilipewa zilizofanyiwa ukarabati kuanzia 2016.

MD 500 nayo ni kadogo, kana kichwa kama yai, panga tano, mkia wa herufi T, na inalia juu juu kama nyuki amekasirika. Watu wa nchi kavu wanaipenda hii kushinda zote juu ni ndogo, inashuka chini kabisa, na ukiwa kwa shida ndio inakuja na bunduki. Hata mtu ametukana wanahewa tangu saa sita mchana, akifika kwa MD 500 anapunguza sauti. Mpya zaidi, MD 530F, zilifika mwaka wa 2020.

Ile helikopta kubwa ya Urusi, Mi-17 na ndugu zake, hiyo ni lori. Inabeba watu zaidi ya 20, ama mzigo wa hadi tani 4. Ukisikia ngurumo ya chini ambayo haiishi na madirisha ya nyumba yanaitikia, ni hiyo. Polisi pia wako nayo kwa hivyo usikimbie kusema ni ya jeshi, angalia rangi kwanza.

Kwa ndege za mizigo kuna ugomvi mmoja tu wa maana, Buffalo na Spartan. Buffalo ni ya Kanada, ya de Havilland, kazi yake ni kutua mahali pafupi pabaya, na wazee wote wanaiapia, wanasema ilitua kwa barabara ya ng'ombe. Spartan, yaani C-27J, ni ya Italia, ilianza kufika 2020, injini zake ni za aina moja na za Hercules mpya, ile ndege kubwa ya mizigo ya Marekani, na vijana wanaipenda juu ina kompyuta na haikuchafui suruali. Usichague upande. Sema "lakini Buffalo ilifanya kazi" na unyamaze. Hiyo sentensi inapita pande zote mbili. Kuna pia Y-12 ya China, lakini hiyo nitaifikia chini huko, kuna sababu.

Kitu kimoja cha kisayansi ambacho kitakupatia heshima ni hewa. Kisumu iko kama mita 1,100 na kitu juu ya bahari, Nakuru inakaribia 1,850, uwanja wa Eldoret uko kama 2,100. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, panga za helikopta zinashika hewa kidogo, injini nayo inapumua kidogo, na joto la mchana linaharibu zaidi. Kwa hivyo helikopta ile ile yenye ilibeba watu wote Kisumu asubuhi bila shida, ikifika Eldoret saa nane mchana rubani anaweza kusema wawili washuke. Sasa wa nchi kavu alishushwa hajaelezewa hiyo, yeye anajua tu alionewa na mtu wa miwani. Ukimwelezea wewe, polepole, kwa mfano wa Kisumu na Eldoret, fundi atakuitia soda. Ama atakuuliza umetoa wapi hiyo, na hapo ndio maongezi yanakuwa matamu.

Mizaha iliyo salama

Wa nchi kavu kumwambia mwanahewa "nyinyi mnalala hoteli" ni salamu tu, usishtuke. Jibu la kawaida ni kwamba wote waliviringika kwa matope yale yale ya Eldoret. Wewe raia hiyo ya hoteli usiitumie, hujaviringika popote.

Unaweza kuuliza kuhusu mawe. Kwa kambi yoyote ya ndege za kivita duniani watu wanatembea kwa mstari kwenye ranwei wakiokota changarawe, misumari, vifuniko vya chupa, chochote, kwa sababu injini ya jeti inavuta kila kitu kilicho mbele yake na jiwe dogo linaweza kumaliza injini ya mamilioni. Hebu fikiria, mtu amesoma miaka mingi, mama yake ameambia kanisa lote kijana anafanya kazi ya ndege, na anaokota vifuniko vya soda. Wanacheka sana kwa hiyo. Uliza pia kuhusu spana. Spana za fundi wa ndege zinahesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi, kila moja iko na shimo lake kwa boksi, moja ikikosekana ndege hairuki mpaka ipatikane, hata kama ni usiku, hata kama kesho ni sherehe. Kila fundi yuko na stori ya spana. Kila mmoja. Na mara nyingi ilikuwa kwa mfuko wa mtu aliyekuwa anaongoza msako.

Kurutu mpya naye anatumwa. Hiki kimchezo kiko kwa majeshi ya anga ya kila nchi: nenda stoo uniletee mita hamsini za flaiti laini. Flaiti laini ni pale ndege zinaegeshwa, ni sakafu. Kijana anaenda, wa stoo naye anajua mchezo, anamwambia imeisha, jaribu hanga ile ingine. Kuna wale hutumwa kuleta debe la upepo wa propela. Ukiulizwa na wewe kwa meza kama umewahi kuona flaiti laini ya mita hamsini, sasa unajua.

Na kuna ndege wa kweli, wenye manyoya. Watu wa Nakuru tunapenda flamingo wetu, lakini kwa mtu wa jeti ndege mkubwa mbele ya injini si utalii. Marabu ndio mbaya zaidi, wanaelea kwa hewa ya joto bila haraka. Ukitaka kuona mwanahewa ametukana, taja marabu.

Mahali pa kufunga mdomo

Hapa sina mchezo. Ajali za ndege haziguswi kwa mzaha, na kwa huku kwetu magharibi hiyo ni mara mbili. Tarehe 18 Aprili 2024 Huey ilianguka Elgeyo Marakwet ikamuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wengine tisa kati ya aliokuwa nao. Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita, mtu wa Siaya, na alizikwa kwao Jumapili ya tarehe 21, siku tatu tu baadaye, vile alikuwa ameagiza mwenyewe. Kwa hivyo ukiwa Kisumu, Siaya, popote huko, na mtu atoe utani kuhusu Huey kuanguka, hata kama ni wewe ulikuwa unalipa bili, meza itavunjika. Y-12 ni vivyo hivyo, Aprili 2006 moja ilianguka Marsabit na watu 14 wakafa, wabunge wakiwa ndani. Nilisema nitaifikia. Ndio hiyo. Mtu akiitaja mwenyewe msikize, usiongeze nadharia yako.

Ya pili ni tarehe 1 Agosti 1982. Baada ya lile jaribio la mapinduzi la baadhi ya wanahewa jeshi lao lote lilivunjwa, likaundwa upya na likaitwa '82 Air Force, jina la zamani lilirudi 1994. Kwa meza ya wazee wanahewa kunaweza kuwa na mtu alipoteza kazi, ama ndugu yake alifungwa, na mwingine wa nchi kavu alikuwa upande ule mwingine siku hiyo. Wakianza wao, sawa, inua masikio, hiyo ni historia hutaipata kwa kitabu. Wewe usianzishe.

Ya tatu unaijua lakini nitasema. Usiulize wanaenda lini, wangapi, na ndege gani. Usipige picha ya kambi ukipita Lanet, hata kama jua linazama vizuri. Na hiyo video ya meza, yenye afande anaimba na chupa mkononi, isiende TikTok, kuna mtu ataitwa ofisini Jumatatu na si wewe.

Siku ya ndege kupita juu

Sherehe za kitaifa siku hizi zinazunguka kaunti, Madaraka ilikuwa Kisumu 2021, Bungoma 2024, Homa Bay 2025, kwa hivyo unaweza kujikuta uwanjani ama kwa paa ya jirani na hao mashemeji. Mambo mawili. Ukisikia jeti usiangalie mahali sauti inatoka, utakuta anga tupu na watu wakikucheka. Sauti inachukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja na kwa huo muda jeti inaenda mwendo wa kilomita 900 kwa saa imeshasonga karibu mita 750. Angalia mbele ya sauti, kwa ile njia inaelekea. La pili, usiulize kwa nini zimechelewa ama zililala wapi. Kutoka Nanyuki hadi Kisumu kwa hewa ni kama kilomita 250, F-5 haihitaji kulala popote, dakika kama 17 imefika, na muda wenyewe umepigiwa hesabu hadi sekunde ili zipite wimbo ukiisha. Matatu ya kutoka Nanyuki hadi Kisumu sote tunaijua.

Na hapo juu ya paa dondosha hii polepole: tarehe 1 Juni ni Madaraka lakini pia ndio siku ya kuzaliwa ya jeshi la wanahewa, lilianzishwa 1 Juni 1964. Wa nchi kavu wengi hawakumbuki hiyo. Mwanahewa ataitumia mpaka Desemba.

Ikichacha sasa

Kuna saa mzaha unageuka. Utaona mtu ameacha kula, ameanza kuongea Kiingereza cha vyeo. Usijaribu kuamua kwa kugugo, nambari za mtandao zinawasha moto zaidi, kila mmoja atasema hiyo ni ya modeli ingine. Usiseme "wote mnafanya kazi nzuri", hiyo ni ya mwanasiasa. Taja wanamaji. Sema tu, kwa upole, kama mtu anafikiria: "lakini wanamaji nao huwa wanafanya nini Mtongwe?" Hiyo ni kambi yao kule Mombasa. Dakika moja haiishi, wa nchi kavu na mwanahewa wamekuwa kitu kimoja, wameshikana mabega, wanauliza meli, wanauliza samaki, wanauliza mbona Kisumu iko na ziwa lote hili na meli za kivita ziko Mombasa. Imefanya kazi kila mahali nimeona ikijaribiwa. Isipokuwa tu uangalie kwanza kama kuna shemeji mwanamaji kwa hiyo meza, maana huwa wananyamaza sana na wanakaa pembeni. Kama yuko, hiyo njia imefungwa. Taja polisi.